Uniti zinaisha kabla ya mwezi: nimwite mkaguzi wa umeme, au nianze mwenyewe?

*"Mtaalamu, naishi Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu, tuko watu sita. Mwaka jana nikinunua umeme wa 50,000 unanifikisha siku 26 au 27. Tangu Desemba unakata siku ya 15 au 16. Taa zote ni za LED. Tuna friji ya zamani, friza dogo, TV, feni nne, pasi, jagi la umeme na presha ya umeme ya kupikia. Kitu kipya ni pampu ya kusukuma maji ndani ya nyumba, iliyofungwa Novemba. Mke wangu ameiacha presha, amerudi kwenye mkaa, ila uniti zinaisha vilevile. Fundi mmoja ameniambia mita inakimbia. Mwingine ananiuzia kifaa cha kuchomeka ukutani, anasema kinapunguza umeme kwa asilimia 40. Joto nalo limetuzidi, tunafikiria kufunga AC chumbani. Nasikia Ulaya watu huita mkaguzi akapima nyumba nzima. Hapa kwetu inawezekana? Ina faida, au ni gharama nyingine tu?"*

Kaka, pole na hesabu hiyo. Umeme uliokuwa unakupeleka karibu mwezi sasa unaishia nusu ya siku hizo na mbili tatu juu yake, na humo ndani kila mtu ana mshukiwa wake. Fundi anaituhumu mita, shemeji ameituhumu presha yake, na muuza kifaa anatuhumu chochote kitakachomfanya auze. Katika yote uliyoandika sioni mahali ambapo mtu amepima. Kukagua matumizi ya umeme nyumbani maana yake ni hiyo tu: kila uniti inayotoka ipate mwenyewe. Inawezekana hapa kwetu, na sehemu kubwa utaifanya wewe wiki hii bila kumlipa mtu.

Anza na simu yako. Fungua ujumbe wote wa tokeni wa mwaka mzima, uandike kwenye daftari tarehe, fedha na uniti ulizopata. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, kundi la T1, uniti ni shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), inafika kama 356. Kwa hiyo 50,000 inakupa uniti kama 140, pungufu kidogo pale kodi ya jengo inapokatwa, maana tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Ukikuta ulikuwa unapata uniti nyingi zaidi kwa fedha ileile, basi kilichobadilika ni makato au kundi lako la bei, na hilo unalizungumza na TANESCO, shirika la umeme, fundi hana la kufanya. Wapo pia walio kundi la D1, wanaolipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila inayozidi hapo. Mtu wa kundi hilo akivuka 75 katikati ya mwezi huona fedha ileile inaleta uniti chache ghafla, akaapa kwamba mita imechezewa.

Tuchukulie kwako ni 140 ileile. Zamani ulikuwa unatumia uniti 5 na kidogo kwa siku. Sasa unatumia 9. Tunachotafuta ni uniti kama 4 za kila siku. Hiyo ni shilingi 40,000 hivi kwa mwezi, na kitu cha ukubwa huo hakijifichi ukikitafuta kwa utaratibu.

Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja. Hesabu hii ndogo ndiyo inayomaliza ubishi mwingi. Pasi ya wati 1,000 ikipiga nusu saa mara mbili kwa wiki inakula uniti moja kwa wiki nzima. Jagi la maji likijazwa na kuchemka linakula chini ya robo ya uniti: kama uniti 0.16, shilingi 57. Friji kuukuu yenye mota ya wati 150 tu, ikiwa haipumziki, saa 20 kwa siku, inakula uniti 3. Macho yetu hukimbilia kifaa kinachochoma na kuunguruma kwa dakika kumi, huku kinachotumaliza kikiwa kimesimama kimya pembeni mchana na usiku.

Ndiyo maana naomba shemeji airudishe presha yake jikoni leo. Ile sufuria inafunga mvuke, ina kitambaa cha kuzuia joto pembeni, na ikishafika presha inazima na kuwaka kidogokidogo. Nimepima mara nyingi kwa kipimo cha kuchomeka kwenye soketi: maharage makavu ya familia hayajawahi kunifikisha uniti moja, mara nyingi ni nusu na ushee. Weka hapo shilingi 200 hadi 300, kisha ulinganishe na makopo ya mkaa anayonunua mtaani kwenu kwa chungu hichohicho. Umeniambia mwenyewe kwamba presha imewekwa kando na uniti zinaisha vilevile. Huo tayari ni ushahidi kwamba haikuwa yenyewe. Na moshi wa mkaa ndani ya nyumba yenye watoto unanipa wasiwasi kuliko hiyo LUKU.

Sasa mita. Kweli mita inaweza kuharibika, lakini tuhuma hiyo unaweza kuijaribu kwa dakika moja. Angalia usoni pa mita, pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600: ni idadi ya mara ambazo taa nyekundu inamweka kwa kila uniti. Zima kila kitu ndani, chomoa friji na friza, zima breka ya pampu. Chomeka jagi lililojaa maji, ambalo chini yake pameandikwa wati 2,000. Mpe mtoto saa, wewe hesabu. Kwenye mita ya 1000, taa inatakiwa imweke kama mara 33 kwa dakika. Kwenye ya 1600, kama mara 53. Umeme wa mtaa ukiwa mdogo utapata pungufu, 28 kwa mfano, na hilo ni la kawaida. Ukipata 50 au 60 kwenye mita ya 1000, na una hakika hakuna kingine kilichowaka, hapo una hoja ya kuwapelekea TANESCO waje waipime. Mita yenyewe usiifungue wala usiguse lakiri yake, na yeyote atakayekwambia ana njia ya "kuituliza" mfukuze.

Kile kifaa cha asilimia 40 usinunue. Ndani yake mna kapasita, kijidude cha kutunza chaji, na kitaa cha kijani. Kapasita ina kazi ya maana kwenye kiwanda chenye mota kubwa, kwa sababu mteja mkubwa analipia pia KVA, yaani mzigo wote anaouvuta kwenye laini. Mita ya nyumbani inahesabu uniti tu, na kapasita haipunguzi hata moja. Kitakuonyesha kitaa cha kijani, basi.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinafanyika usiku, wenzako wakiwa wamelala. Chukua kigoda, daftari na tochi ya simu, ukae mbele ya mita. Chomoa kila kitu, friji na friza pia, zima taa za nje, lakini pampu iache kama ilivyo siku zote. Mita inatakiwa itulie kabisa. Mwaka fulani nilikaa hivyo kwenye nyumba moja ya Tabata, saa nne na nusu usiku, mwenye nyumba kasimama nyuma yangu kaniambia hakuna kitu kinachowaka. Taa ya mita imetulia. Mara pampu ikaguruma uani sekunde kumi na tano hivi, mita ikamweka haraka haraka, kisha kimya. Hakuna aliyefungua bomba. Baada ya dakika moja na nusu ikaguruma tena. Na tena. Tukaingia chooni na tochi: mpira wa ndani wa tangi la choo ulikuwa umelika, maji yanachuruzika kwenye bakuli uzi mwembamba usiosikika. Presha ya bomba inashuka, pampu inajiwasha kuipandisha, maji yanachuruzika tena. Ilikuwa inafanya hivyo saa 24, na yule bwana alikuwa ameshabadilisha taa zote za nyumba.

Nakueleza hili kirefu kwa sababu pampu yako ilifungwa Novemba na shida ilianza Desemba. Pampu ndogo ya aina hiyo, yenye mota ya nusu farasi, huvuta kama wati 500 ikiwaka. Ikiwaka sehemu ya sita tu ya muda, hizo ni saa 4 kwa siku, uniti 2. Nusu ya tunachokitafuta ingekuwa imeshapatikana. Sikiliza masikio yako kwanza: ikijiwasha bila mtu kutumia maji, mna mahali maji yanatoka. Angalia vyoo vyote, bomba la nje, na floti ya simtank kama unapandisha maji juu.

Pampu ina jambo jingine, na hili si la shilingi. Waya wake ukiwa umeunganishwa kwa plasta ya karatasi, au umepita kwenye udongo wenye maji bila bomba, umeme unaweza kuvuja na kuingia ardhini. Mita inauhesabu kama umetumika, kwa sababu umepita kwake ukaenda zake. Dalili ni mita kumweka wakati kila kitu kimechomolewa na pampu hailii. Zima breka moja moja kwenye boksi, uone ni ya upande gani ikizimwa mita inatulia. Ukizima mein swichi na mita bado inamweka, basi kuna waya unaochukua umeme kati ya mita na swichi hiyo, na hilo ni la TANESCO na fundi mwenye leseni. Na kama mtu yeyote humo ndani ameshawahi kusema bomba la bafuni au ukuta "unapiga shoti", hata kidogo, hata siku moja, acha majaribio, zima mein swichi na uite fundi siku hiyohiyo. Hivyohivyo soketi ikipata joto, ikinuka plastiki ya kuungua, au breka ikijikata mara kwa mara. Watu wanakufa bafuni kwa kitu hiki.

Turudi kwenye friji, maana Desemba hadi Machi ndiyo kaskazi, na friji kazi yake ni kuhamisha joto kutoka ndani kulitupa nyuma yake. Jikoni kukiwa na joto la nyuzi 32, friji inahamishia joto kwenye joto. Ile iliyopumzika nusu ya muda mwezi wa Julai haipumziki tena Januari, na hakuna kilichoharibika, ni hewa tu iliyobadilika. Sasa ukiongeza mpira wa mlango uliokakamaa na vumbi la miaka nyuma kwenye waya zile nyeusi, basi. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira hauzibi. Zunguka mlango mzima ukijaribu. Mpira mpya ni bei ndogo ukilinganisha na friji. Isogeze kutoka ukutani upana wa kiganja, piga brashi nyuma ikiwa imechomolewa, itoe karibu na jiko na kwenye jua la dirisha la magharibi. Fanya vivyo hivyo kwa friza.

Baada ya hapo ipime. Kuna kipimo kidogo cha kuchomeka kati ya soketi na kifaa, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, na kinahesabu uniti zenyewe. Iache friji humo saa 24 kamili. Ikisoma uniti 1 au chini, iache izeeke salama. Ikisoma 3 na zaidi baada ya kuisafisha na kubadili mpira, fanya hesabu ya kuibadilisha. Kutoka 3.2 hadi 0.9 ni uniti 69 kwa mwezi, shilingi 24,500. Friji mpya ya 700,000 hapo inajirudisha kwa miezi kama 29. Kwa mtu mwenye fedha hiyo mkononi ni uamuzi mzuri. Kwa mtu anayekopa kwa riba ya mtaani, simshauri.

AC nayo nakuomba uisubirishe. Ya BTU 12,000 ikilala nanyi saa nane usiku wa kaskazi huchukua uniti 5 hadi 7: shilingi 1,800 hadi 2,500 kila usiku, juu ya hizo ambazo tayari zinakutoa jasho. Halafu itakuwa inapigana na paa. Bati linapokea jua kutwa, linachoma hewa ya juu ya dari, na dari inalimwaga joto hilo chini juu ya kitanda chenu hadi usiku wa manane. Panda juu ya kiti saa tatu usiku uweke kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta ulio kivulini. Ukisikia dari ni ya moto zaidi, umempata adui, na feni inachofanya ni kukupulizia joto lake.

Wazee wa Unguja Mjini na Lamu walijenga kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na madirisha ya mbao yanayofunguka yote. Sisi tumeweka bati, dari fupi ya jipsam, na madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo hata ukiyafungua hadi mwisho, nusu moja imefungwa daima. Sikulaumu, nyumba nyingi ninazoingia ziko hivyo. Ila kuna mengi ya kurekebisha. Toboa matundu yenye wavu kwenye kuta mbili za pembetatu chini ya paa, hewa ya moto ipate pa kutokea. Paka bati rangi nyeupe ya paa. Ukiwa na uwezo, tandika pamba ya kuzuia joto juu ya dari ya chumba cha kulala pekee. Panda mti upande wa magharibi, hata mpapai kwa kuanzia, maana Dar jua linalotuumiza linapiga kuta za mashariki na magharibi. Usiku, feni moja iliyosimamishwa dirishani ikitoa hewa nje inafanya kazi kuliko mbili zinazozungusha hewa ileile. Mkishafanya hayo na bado mnataka AC, nunueni yenye inveta (inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka), chumba kizibwe vizuri, na msiiweke 16. Kadiri mnavyoishusha ndivyo inavyochelewa kupumzika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ukaguzi wa Ulaya uliousikia. Kule mkaguzi anafunga feni kubwa mlangoni kupima hewa inayovuja na kutumia kamera ya joto kwa sababu nyumba inapoteza joto wakati wa baridi. Kwetu tunataka joto litoke, kwa hiyo kipimo kile kina maana kwa chumba chenye AC tu. Na kama umewahi kuambiwa kwamba huku kwetu ukaguzi ni wa viwandani peke yake, si kweli. Kenya, kwa mfano, kanuni za 2012 zililazimisha majengo na viwanda vilivyotumia uniti 180,000 na zaidi kwa mwaka kukaguliwa kila baada ya miaka 3, lakini hesabu anazofanya mkaguzi ni hizihizi za wati na saa.

Je, umlipe mtu? Kwa nyumba yako, bado. Ungekuwa na AC tatu, hita za maji na matumizi ya laki mbili kwa mwezi ningekwambia mwite kesho. Ukifika huko, muulize mambo machache kabla hajaja. Atatazama tokeni zako za miezi 12? Ana klampu mita ya kupima umeme unaopita kwenye waya, na mega ya kupima uvujaji wa waya? Atakuachia karatasi yenye kila kifaa, uniti zake za mwezi, na kipi kirekebishwe kwanza? Anauza sola au AC? Akiwa anauza, msikilize, lakini usinunue siku hiyo. Anayemaliza nyumba nzima kwa dakika ishirini hakukagua. Na kazi yoyote ya waya afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, akuonyeshe leseni yenyewe.

Kwa wiki hii, andika uniti zilizobaki kwenye mita kila siku saa moja asubuhi, siku saba. Siku ya pili jaribu kuzima pampu kwenye breka usiku kucha, ya tatu rekebisha vyoo. Siku ya nne friji, ya tano friza. Usifanye mawili siku moja, hutajua lipi lilileta nafuu. Kama siku ya saba bado kuna uniti 2 za kila siku zisizo na mwenyewe, mwite huyo fundi mwenye mega, na mwambie aanze na waya wa pampu.